Hatia na Aibu katika Maungamo ya Augustine

Katika Kiswahili tunayo maneno manne yanayokaa jirani, na mara nyingi hutumiwa kana kwamba ni mamoja: dhambi, hatia, aibu na haya. Yote asili yake ni Kiarabu, lakini kila moja lina mahali pake. Dhambi ni kosa mbele ya Mungu. Hatia ni hali ya mtu aliyeonekana na kosa mbele ya hakimu, naye aweza kuachiliwa. Aibu ni fedheha mbele ya macho ya watu, au mbele ya macho ya mtu mwenyewe anapojitazama. Na haya ni staha imzuiayo mtu asiifikie aibu. Tofauti hizi si za wanasarufi peke yao. Atakaye kujua jinsi dini iwezavyo kuutia moyo uchungu kwa sababu ya tamaa za mwili, hana budi kwanza kuuliza ni uchungu gani kati ya hizi: wa hatia, au wa aibu? Nadhani hapana kitabu cha kale kinachotuwezesha kuliuliza swali hili vizuri kuliko Maungamo ya Augustine, askofu wa Hippo, aliyeyaandika kwa Kilatini tangu mwaka 397 hata 401 hivi.

Augustine alikuwa mtu wa Afrika ya Kaskazini, mzaliwa wa Thagaste, mji ambao leo huitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Alizaliwa mwaka 354. Mama yake, Monica, alikuwa Mkristo wa kushika sana dini. Baba yake, Patricius, hakubatizwa ila karibu na kufa kwake. Kijana alipokuwa na miaka 16, fedha za masomo zilipungua, akakaa nyumbani mwaka mzima. Siku moja baba alimwona hamamuni, akatambua kwamba mwanawe amekwisha kubaleghe, akaenda kumpasha mkewe habari kwa furaha, kwa maana alikuwa anawaza wajukuu. Mama alitetemeka. Alimwita kijana faraghani, akamwonya asizini, na zaidi ya yote asimguse mke wa mtu. Basi jambo moja la maumbile lilipokewa katika nyumba moja kwa shangwe na kwa hofu. Kwa desturi za jando mafundisho ya namna hii hutolewa na mtu mzima asiye mzazi wa kijana. Augustine hatutajii mtu wa namna hiyo, naye akasema aliyaona maneno ya mama kuwa mambo ya kike, ambayo angeona haya kuyafuata.

Huko Carthage, alikokwenda kusoma, alimchukua mwanamke mmoja, akaishi naye miaka zaidi ya kumi bila ndoa, lakini kwa uaminifu. Sheria ya Roma haikukataza jambo hilo. Walipata mwana, Adeodatus, na maana ya jina lake ni aliyetolewa na Mungu. Mwaka 385, walipokuwa Milan, Augustine alichumbiwa msichana wa nyumba njema, ambaye alibakiza karibu miaka miwili kufikia umri wa kuolewa. Yule mwanamke akaondolewa njiani. Alirudi Afrika, akaweka nadhiri ya kutomjua mwanamume mwingine, akamwacha mtoto kwa baba yake. Augustine asimulia kwamba moyo wake ulibaki kama jeraha. Hata hivyo hakuweza kungoja miaka miwili, akatwaa mwanamke mwingine.

Hapa yafaa tusimame. Katika kitabu hiki chenye toba ndefu, ambamo hata mapea yaliyoibwa ujanani yamepewa kurasa kadhaa, jina la mwanamke huyu halimo. Kuagana naye kwatajwa kama maumivu, si kama kosa alilotendewa yeye. Walakini mwaka 401 hivi, katika kijitabu juu ya wema wa ndoa, Augustine aliandika kwa jumla kwamba mwanamume amwekaye mwanamke mpaka apate mke wa kufaa cheo au mali yake, huyo ni mzinzi moyoni. Jina lake mwenyewe hakulitia. Twaona kwamba macho yaliyozoea kuitafuta tamaa yaweza kupita juu ya dhuluma bila kusita.

Mwaka 386, katika bustani ya Milan, vita vya nia yake vilikwisha. Mwaka 387, usiku wa Pasaka, Ambrose alimbatiza. Kwa imani yake mwenyewe hatia yote iliondolewa siku hiyo. Lakini katika kitabu cha kumi cha Maungamo, mtu huyu amepita miaka 40, ni askofu, naye analalamika juu ya ndoto. Katika usingizi, asema, picha za zamani humjia, na yeye huzikubali. Anauliza kama wakati huo yeye si yeye. Ajibu kwamba aamkapo dhamiri yake hutulia, kwa kuwa lililotukia ndani yake hakulitenda. Na bado ahuzunika. Hapana hatia, aibu imebaki. Toba haikuifikia, maana toba ni dawa ya hatia.

Wasomaji wa pwani watakumbuka jinsi sheria ya Kiislamu ilivyolipanga jambo hilohilo. Aliyeota na kutokwa na manii ana janaba. Yampasa kuoga josho kabla ya kusali. Aliyelala haandikiwi dhambi. Janaba ni hali ya mwili, ina mwanzo, na ina mwisho unaojulikana, yaani maji. Sisemi kwamba Mwislamu hana aibu. Nasema amepewa tendo la kuimaliza habari hiyo.

Mwaka 410 Wagothi waliuteka mji wa Roma, na wanawake wengi, hata mabikira waliojiweka wakfu, walibakwa. Katika kitabu cha kwanza cha Mji wa Mungu Augustine aliwatetea. Usafi, alisema, umo katika nia. Mwili ukitendewa bila ridhaa, mwenye mwili hana hatia, wala asijiue. Kwa zama zile lilikuwa neno la faraja kubwa, naye alijua kwamba aibu huweza kubaki hata pasipo ridhaa. Lugha yetu hapa haikuwa na rehema nyingi: twasema mwanamke amenajisiwa, na neno lenyewe humpaka uchafu yeye aliyekosewa.

Mwaka 1928 E. R. Dodds aliyasoma Maungamo kama habari za nafsi isiyopatana na maisha, na chanzo akakiona kwa mama. Peter Brown, katika kitabu chake cha 1967, alikuwa mwangalifu zaidi, nami namfuata. Augustine hakuuchukia mwili. Alifundisha kwamba hata Paradisoni Adamu na Hawa wangalizaa kwa kukutana. Kilichomuudhi ni kwamba kiungo huinuka au hukataa bila kuamriwa na nia, naye akafanya uasi huo kuwa adhabu ya uasi wa Adamu, inayorithiwa na watu wote. Hapo ndipo palipo uzito. Mtu aweza kutubia alilolitenda, alivyozaliwa, atakutubiaje? Aibu ya mtu mmoja ilifanywa kuwa elimu juu ya wanadamu wote, hata wale waliooana kwa halali.

Alikuwapo aliyemjibu. Julian wa Eclanum, askofu aliyepata kuoa na mwana wa askofu, alikataa mwaka 418 kutia sahihi hukumu juu ya Pelagius, akaondolewa katika kiti chake. Tamaa, alisema Julian, ni maumbile kama kuona na kusikia. Kosa ni kupita kiasi. Augustine alibishana naye mpaka mwisho, na kitabu cha mwisho juu yake hakikumalizika.

Mwaka 430 Wavandali waliuzingira Hippo. Possidius, mwanafunzi wake, asimulia kwamba mgonjwa aliagiza zaburi za toba za Daudi ziandikwe na kubandikwa ukutani karibu na kitanda. Akaomba mtu asiingie ila wakati wa waganga au wa chakula. Siku kumi hivi alikuwa akizisoma peke yake, na kulia.