Ikoma: boma la vita lililogeuka hoteli ya likizo

Neno likizo liliingia Issenye, hapa kwetu Mara, kwa mlango wa shule. Kabla ya hapo mwaka ulikuwa na kazi, na baina ya kazi kulikuwa na nafasi. Mtama na ulezi ukishaingia ghalani, mwezi wa sita hadi wa nane, watu walioana, walicheza ngoma, walikwenda kuwajulia hali wajomba zao Nata na Ikizu. Huo ndio msimu wetu wa baridi. Asubuhi wazee hujitupia shuka mabegani, uji wa ulezi hukorogwa mapema kuliko kawaida, na upepo unaotoka upande wa mbuga hauna adabu kwa mtu yeyote. Ni msimu huohuo nyumbu hufika mbuga ya Grumeti. Kwa babu zetu ujio wa nyumbu ulikuwa na maana moja tu: kimoro, nyama iliyokatwa vipande virefu, ikaanikwa juani, ikawekwa akiba.

Lakini mtu mzima aondoke kwake kwa hiari, apande kilima kwa kuwa huko kuna hewa ya baridi, akae siku kumi bila kushika jembe, kisha alipe? Desturi hiyo ina historia, na kurasa zake chache zimeandikwa kwa mawe karibu na hapa, kwenye kilima cha Ikoma.

Kwetu kilima kilikuwa kimbilio. Waisenye husimulia kwamba wazee wao walikaa Nyeberekera, mahali ambapo leo pamo ndani ya hifadhi ya Serengeti, wakaondoka huko kwa sababu ya mashambulizi ya Wamaasai. Mwishoni mwa karne ya 19 njaa na magonjwa viliongezea msiba, na jamii za upande huu zilijibana vilimani na nyuma ya kuta za mawe. Mtu alipanda juu ili aone adui akiwa bado mbali.

Wajerumani walipofika, kwanza Shirati kando ya Ziwa Viktoria kisha huku ndani, nao walitazama kilima kwa jicho hilohilo la vita. Mwanzoni mwa karne ya 20 walijenga boma la mawe Ikoma, lenye kuta nene na mtazamo wa mbali kila upande. Halikuwa jengo la starehe. Lilikuwa la kukusanyia kodi, kuwekea askari na kuwakumbusha watu nani mwenye nchi.

Starehe Wajerumani hao waliijenga kwingine. Katika milima ya Usambara, huko Tanga, waliona mahali palipowakumbusha kwao: mabonde ya kijani, ukungu wa asubuhi, maji baridi. Walipaita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Washambaa na Watanzania wote tunapaita Lushoto. Mji uko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maofisa waliochoshwa na joto na homa za Dar es Salaam walipanda huko kutafuta afya. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na kutoka Mombo mtu alipanda mlima. Hofu ya malaria ndiyo iliyoujenga mji ule kuliko mapenzi ya mandhari. Waingereza walikuwa wamefanya hivyohivyo Simla, India. Na kwa wale wanaodhani likizo ya baridi mlimani ni desturi ya kale Ulaya: hadithi inayosimuliwa Uswisi ni kwamba mwenye hoteli mmoja wa St. Moritz, Johannes Badrutt, ndiye aliyewashawishi wageni wake Waingereza mwaka 1864 wajaribu kukaa hadi wakati wa theluji, kwa ahadi kwamba wasipofurahi atawarudishia nauli. Kabla ya hapo hata wao walikimbia mlima ukianza kuwa mweupe.

Basi kulikuwa na vilima vya aina mbili, vya kupumzika na vya kupigana, na Ikoma ilibaki kwenye fungu la pili hadi vita vyenyewe vilipokuja. Mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, kikosi cha Wajerumani kilichojitenga na jeshi la kamanda wao mkuu, Lettow-Vorbeck, kilipita nchi hii kuelekea kaskazini. Kamanda wake wa kwanza, Max Wintgens, alishikwa na homa kali ya tifasi akajisalimisha kwa Wabelgiji mwezi Mei. Luteni Heinrich Naumann akachukua uongozi, na katikati ya mwaka, baridi ikiwa imeshaingia, askari wake wakaingia Ikoma. Wabelgiji walimfuata wakapigwa hapo. Naumann akachepuka kupitia nyika za Serengeti hadi karibu na Moshi, akaja kukamatwa mwanzoni mwa Oktoba upande wa Kondoa. Vitabu vya Ulaya husimulia safari hiyo kama ushujaa wa ofisa mmoja. Havisemi sana juu ya wapagazi, wala juu ya maghala ya mtama yaliyokombwa njiani. Jeshi linalotembea miezi minane bila ugavi hula chakula cha watu.

Vita vikapita, na nyika zilezile zikaja kuwa hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951, na mipaka yake ikachorwa upya mwaka 1959. Mwaka 1961 tukapata uhuru. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, hapahapa Mara, anasimuliwa kuwa alikiri hadharani kwamba yeye binafsi hana hamu ya kutumia likizo yake kutazama mamba, ila anajua wageni wana hamu hiyo, na kwamba baada ya almasi na mkonge wanyama wangekuwa chanzo kikubwa cha mapato ya nchi. Sijapata kusikia mtu wa Mara aliyesema jambo hilo kwa uwazi zaidi. Ni maneno ya mtu aliyekua karibu na wanyama hao, akajua kwamba nyumbu kwa jirani yake ni kitoweo na kwa mgeni ni picha.

Hapo ndipo boma la Ikoma lilipobadilishiwa kazi. Ndani ya kuta zake ikawekwa hoteli ya watalii, Fort Ikoma Lodge. Mahali alipokaa mlinzi akikodolea macho adui, mgeni sasa aliweka kiti, akaagiza kinywaji, akatazama nyumbu wakivuka. Wengi wa wageni wa enzi hiyo walianzia Nairobi, wakaingia Serengeti kwa barabara kupitia Maasai Mara. Ulikuwa mzunguko mmoja wa safari, na Tanzania ilikuwa sehemu yake tu.

Mzunguko huo ulikatika Februari 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa hadi mwishoni mwa 1983. Hoteli za kaskazini zilikaa na vitanda vilivyotandikwa bila watu wa kuvilalia. Ile ya Ikoma haikupona. Baadaye wanajeshi waliingia kilimani, na kwa namna fulani boma likarudi kwenye kazi yake ya kwanza.

Vijiji vya jirani navyo vimejaribu kupata chao. Robanda, Nyichoka, Park Nyigoti, Makundusi na Nata-Mbiso waliunda eneo la hifadhi ya jamii wakaliita Ikona, jina lililounganishwa kutoka Ikoma na Nata. Na mwaka 2006 kilima kingine kikapata wageni: Sasakwa. Hapo kampuni ya Singita ilifungua nyumba ya wageni iliyojengwa kwa sura ya kasri la Kiingereza la miaka mia moja iliyopita, ikitazama mbuga ya Grumeti ya takribani ekari 350,000. Usiku mmoja kwa mtu mmoja ni zaidi ya dola 1,000. Desemba, theluji ikianguka kwao, wageni huja Sasakwa kuikimbia baridi; Julai huja kutazama nyumbu wakakuta baridi yetu, nao hugawiwa blanketi ndani ya gari. Vijana kadhaa wa huku wamepata kazi upande huo. Wengine wamefungwa kwa ujangili, kwa kutafuta kimoro kilekile ambacho babu zao walianika bila kumwomba mtu kibali.

Mwalimu wa historia wa shule yoyote ya Issenye anaweza kulifanya boma la Ikoma kuwa somo la siku moja, kwa kibali cha wanaolishikilia. Na anayetaka kuingia hifadhini yenyewe, lango la Ikoma ndilo la karibu. Mgeni wa nje hulipa zaidi ya dola 60 kwa siku. Mtanzania hulipa kwa shilingi, kiasi kisichofika bei ya kuku wa kienyeji mnadani. Ukija mwezi wa sita au wa saba, kama ndiyo likizo yako, beba sweta.