Majalada ya Nyimbo na Ngoma ya Keki katika Marekani

Katika karne ya 19 nyimbo za Marekani ziliuzwa kwa karatasi za nota, naye mnunuzi alizipiga mwenyewe nyumbani kwa kinanda. Jalada ndilo lililovuta macho dukani, hivyo wachapaji walilipamba kwa picha za chapa ya mawe. Polka ilipovuma mwaka 1844, picha zilikuwa za mabibi na mabwana wenye adabu. Hazina mengi ya kutueleza.

Ngoma ya keki, iliyovuma miaka ya 1890, yataka kutazamwa zaidi. Kwa masimulizi ya wazee, watumwa wa mashamba ya kusini waliiga maringo ya mabwana zao. Na mabwana, wasitambue kuwa ndio wanaochekwa, wakawatunza keki waliocheza vizuri. Katika majalada mengi dhihaka imegeuzwa: Mtu Mweusi ndiye kichekesho, midomo mipana, nguo za ajabu. Mchoraji, nadhani, hakujua kabisa alichokichora.

Mwaka 1898 Will Marion Cook na mshairi Paul Laurence Dunbar, wote Weusi, waliipeleka ngoma hiyo Broadway katika mchezo wao Clorindy. Hata hivyo maneno ya nyimbo yalifuata dhihaka iliyozoeleka sokoni. Cook alisimulia baadaye kuwa mama yake, ambaye mwanawe alikwisha kusomea muziki Berlin, alilia alipousikia mmojawapo.