Bomba la Sushruta

Daktari wa India ya kale aliyetibu bawasiri alikuwa na bomba fupi. Kitabu cha tabibu Sushruta, kilichoandikwa kwa Kisanskriti, kinalieleza: liwe la chuma, pembe ya ndovu, pembe ya mnyama au mti, urefu wake vidole vinne, umbo lake kama chuchu ya ng'ombe. La kutazamia ugonjwa lilikuwa na matundu mawili. La kutibia lilikuwa na tundu moja tu, ili kisu, moto au dawa ya kuunguza visiguse nyama nzima iliyo kando.

Kuilinda nyama nzima ndiyo hoja kubwa ya upasuaji wa matundu madogo hadi leo.

Nakala moja ya kitabu hicho, ya mwaka 878, imehifadhiwa Kathmandu, na maandishi yenyewe ni ya karne nyingi kabla yake. Yanataja zana butu 101 na zenye makali 20. Makoleo yaliitwa kwa majina ya simba, chui, kunguru. Lililosifiwa kuliko yote ni la mdomo wa korongo, maana huingia na kutoka bila shida. Madaktari wa leo wa masikio na pua nao wana koleo lao jembamba, wanaloliita mamba.

Wapo wanaodai kwamba Sushruta ndiye mwanzilishi wa upasuaji wa matundu madogo wa leo. Siwaungi mkono. Philipp Bozzini wa Frankfurt, aliyetengeneza chombo cha kuchungulia mwilini kwa mwanga wa mshumaa mwanzoni mwa karne ya 19, hakuanzia kwenye kitabu hicho. Wala Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm, aliyechungulia tumbo la binadamu mwaka 1910, wala Erich Mühe, Mjerumani aliyetoa mfuko wa nyongo kupitia matundu madogo mwaka 1985.

Ukaribu wa kweli naouona mimi uko kwenye mafunzo. Mwanafunzi wa Sushruta alikata maboga na matango, akatoboa mishipa ya wanyama waliokufa, akapenyeza vijiti kwenye mbao zilizoliwa na wadudu. Aliyesoma vitabu vyote bila mazoezi hayo alihesabiwa kuwa hafai kushika mgonjwa. Karne ya 20, Kurt Semm wa Kiel alibuni sanduku la kufanyia mazoezi ya upasuaji wa matundu. Nchini Marekani, bodi ya upasuaji iliweka sharti kwamba daktari afaulu mtihani wa sanduku la namna hiyo kabla ya kupata cheti: anahamisha vipande vidogo kutoka kigingi hadi kigingi, anakata shashi kwa kufuata duara, anafunga fundo, macho yakiwa kwenye skrini.