Kibegi cha kiuno si fasheni ya juzi, ni kibindo

Wasee, leo tuongee kuhusu kile kibegi cha kiuno. Kila wikendi naona picha zenu za safari mkiwa mmekivaa, na hapo chini kuna mtu ameandika eti huo ni mtindo wa majuu. Mimi napinga. Hiki kitu tulikuwa nacho kitambo, na lugha yetu bado inakikumbuka.

Kuna neno "kibindo". Ni ile sehemu ya shuka au kikoi inayokunjwa kiunoni ili mtu aweke pesa au kitu kidogo. Mwanaume wa Pwani hakungoja kushonewa mfuko. Alikunja kikoi, akakaza, pesa ikakaa hapo, mikono ikabaki huru kwa kamba za jahazi ama mzigo. Hadi leo mtangazaji wa mpira akisema timu "imetia kibindoni" pointi tatu, anaongea kuhusu kibegi cha kiuno na pengine hata hajui.

Mama zetu nao wana yao. Hapa Kiogoro, panda matatu ya kuelekea Kisii mjini asubuhi ya siku ya soko, halafu uangalie vizuri. Mama anayepeleka ndizi Daraja Mbili amejifunga leso kiunoni, na noti ziko ndani ya fundo kwenye ncha ya leso. Mikono yote miwili iko kwa ndizi. Sasa jaribu kumuibia. Itabidi ufungue fundo hilo kwanza, na kabla umalize soko lote litakuwa limekuona.

Dunia nzima ilifikia jibu hilohilo. Mwaka 1991, kwenye milima ya Alps mpakani mwa Austria na Italia, ilipatikana maiti ya mwanaume aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, ikiwa imehifadhiwa na barafu. Alipewa jina Ötzi. Kwenye mshipi wake kulikuwa na kifuko cha ngozi chenye vifaa vidogo vya mawe na kuvu kavu ya kuwashia moto. Waskoti nao, kwa sababu vazi lao la kilt halina mifuko, huning'iniza kipochi mbele ya kiuno. Sababu ni moja kila mahali: nguo haina mfuko, mikono ina kazi, kwa hivyo mali inahamia kiunoni.

Lakini Kenya ina historia nyingine ya kusafiri na kitu kimefungwa mwilini, na hiyo haikuwa ya kupiga nayo picha. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika wa miaka 16 kwenda juu, ikaanza kuitekeleza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mmoja alipewa kipande: karatasi yenye jina lake, alama za vidole, mwajiri wake na mshahara wake. Ukitoka nje ya eneo lenu lazima uwe nayo. Ilikaa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni kwa kamba. Mwajiri akikataa kutia sahihi kwamba amekuachilia, kupata kazi kwingine ilikuwa noma, na ukitoroka kazi unasakwa kwa karatasi hiyohiyo. Mikono ilikuwa haina mzigo, sawa, lakini ilikuwa mikono ya mwajiri.

Watu hawakunyamaza. Kipande kilikuwa kati ya mambo yaliyomfanya Harry Thuku apate wafuasi wengi. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe, na tarehe 16 ukapigwa risasi. Watu walikufa. Ile sheria ya Waafrika peke yao ilikuja kubadilishwa 1947. Jina halikuondoka, ndiyo maana mtaani bado tunaita kitambulisho "kipande".

Kwa hivyo ukiweka kitambulisho kwenye kibegi chako, umebeba historia mbili pamoja: kibindo ambacho mtu alijikunjia mwenyewe, na kipande ambacho alilazimishwa kuvaa. Tofauti kati ya hivyo viwili ni nani ameamua, wewe ama mwingine.

Hapo ndipo ushauri wangu unaanzia. Usinunue kwa sababu ya nembo. Tangu M-Pesa ianze 2007, pesa zetu nyingi ziko kwenye simu, kwa hivyo simu na kipande ndivyo vipimo vyako. Nenda navyo dukani ama kwa mtumba, uviweke ndani, ufunge zipu, kisha uiname. Vikikusukuma tumbo, kibegi ni kidogo. Tafuta mfuko wa ndani wenye zipu yake. Vuta kifungo cha mshipi kwa nguvu zako zote, kwa sababu mwizi hatakivuta kwa upole. Mvua ya huku kwetu mnaijua, basi chagua kitambaa kisichopitisha maji haraka. Na kwenye matatu kivae mbele. Kikikaa mgongoni ni cha yule aliyesimama nyuma yako.

Stailo? Peleka kitenge ama kipande cha leso kwa fundi wa mtaani akushonee. Hakuna mwenzako atakuwa na kama hicho.

Kuna wale watakuambia unakaa konda. Waambie asante. Konda, mtu wa boda na mama wa ndizi wanashinda na pesa za watu mchana kutwa, katikati ya msongamano, na mikono yao haijapumzika. Hawakungoja majuu waambiwe mali inakaa wapi. Kama kuna watu wa kuigwa kwa hii stori ya kibegi, ni hao.