Sifuri Waliyopewa Sonic Youth

Aliyepata kusahihisha mitihani anajua kwamba sifuri ni alama ngumu kuipata. Mwanafunzi huipata kwa kurudisha karatasi tupu, au kwa kukamatwa akiibia. Aliyejaribu, hata akikosea karibu kila swali, aghalabu huokota alama mbili tatu njiani. Ndiyo maana nilishangaa mjukuu wangu, mpenzi mkubwa wa muziki wa roki, aliponieleza kwamba mwaka 2000 jarida la Pitchfork la Chicago, lililopima albamu kwa alama za 0.0 hadi 10.0, liliipa sifuri kamili albamu ya Sonic Youth iitwayo NYC Ghosts & Flowers.

Hao hawakuwa wanagenzi. Bendi ilianzishwa New York mwaka 1981 na Thurston Moore, Kim Gordon na Lee Ranaldo, ikarekodi kwa miaka mingi chini ya kampuni ndogo zilizojitegemea, na mwaka 1988 ikatoa Daydream Nation, albamu ambayo baadaye Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika hazina ya rekodi za taifa. Siri ya mlio wao ilikuwa magitaa. Walikuwa nayo mengi, mengine ya bei nafuu, nyuzi zimekazwa au kulegezwa kinyume cha kawaida, na mengine yakipigwa kwa fimbo ya ngoma au kwa bisibisi iliyopachikwa chini ya nyuzi. Gitaa lililoandaliwa kwa wimbo mmoja mara nyingi halikufaa kwa mwingine.

Sasa zingatia, msomaji, jambo lililotokea Julai 1999. Wakiwa katika ziara ya maonyesho, lori lililobeba vyombo vyao liliibwa kusini mwa California. Seremala akiibiwa randa hununua nyingine; lakini hakuna duka lililouza gitaa lililokwisha kuzoezwa wimbo mmoja kwa miaka kumi. Machache yalipatikana baada ya miaka mingi. Kwa hiyo wazee hawa wakashika vyombo vilivyosalia na vingine vipya, wakatunga nyimbo 8 za mwendo wa taratibu, zenye maneno ya kusemwa kuliko ya kuimbwa, wakiwakumbuka washairi wa mji wao. Jaladani wakaweka mchoro wa mwandishi William S. Burroughs.

Nimeisikiliza mara tatu. Sigawi alama za huruma: baadhi ya mashairi yamelegea, na ziko dakika ambazo ningezipitisha kalamu nyekundu. Lakini wimbo wa kwanza, Free City Rhymes, unaingia polepole kama mtu anayefungua dirisha alfajiri, na peke yake unaikataa sifuri. Mimi ningetoa 55 kwa 100.

Desturi ya kuupa muziki alama kama daftari la mtoto haikuanza Chicago. Robert Christgau alianza kuzipa albamu herufi katika gazeti la Village Voice la New York mwaka 1969, na Sonic Youth wenyewe walikwisha kumrushia maneno katika wimbo wa mwaka 1983. Naona msahihishaji wa mwaka 2000 alikuwa na karatasi nyingine mezani, ile ya 1988, akawa anatafuta majibu yale yale. Jarida lake liliipa Daydream Nation 10 kamili ilipotolewa upya mwaka 2007. Wapenzi wa dansi letu wanalifahamu jambo hili: mwanamuziki mkongwe hupanda jukwaani na wimbo mpya, na ukumbi mzima ukapiga kelele kumtaka apige zilipendwa.

Bendi haikufa kwa sifuri. Murray Street ya mwaka 2002 ilipokewa vizuri, ikafuatiwa na nyingine hadi The Eternal ya 2009, na mwaka 2011 Moore na Gordon walipotengana, kazi ikakoma. Januari 2024 kampuni yenye kumiliki Pitchfork iliiunganisha na GQ, jarida la wanaume, na wafanyakazi kadhaa wakapoteza kazi. Machi mwaka huo huo Kim Gordon, akiwa na miaka 70, alitoa The Collective, magitaa yakikwaruza juu ya midundo ya vijana wa rap. Wahakiki waliisifu, nayo ikateuliwa kugombea tuzo ya Grammy. Safari hii sikuona aliyemdai ile ya 1988.