Mshauri wa wanyamapori na maliasili

Mshauri wa wanyamapori na maliasili ni mwanabiolojia anayechunguza viumbe na makazi yao, kisha kumweleza mwenye mradi madhara yanayoweza kutokea. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya namna hiyo kabla ya miradi mikubwa kuanza. Mfano mashuhuri wa umuhimu wake, kabla ya sheria hiyo, ni korongo la Kihansi. Mwaka 1996, bwawa la umeme likiwa tayari linajengwa, watafiti walikuta chura mdogo asiyepatikana kwingineko duniani, aishiye kwenye manyunyu ya maporomoko. Baada ya maji kugeuzwa, mwaka 2000 vyura karibu 500 walipelekwa Marekani kuzalishwa. Mwaka 2009 walitangazwa kutoweka porini. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni, ambako mabomba hunyunyiza maji badala ya maporomoko.