Nyimbo za Kagera na Mashine Zilizozichoma

Kwa zaidi ya miaka kumi, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi simu zenye kadi za kumbukumbu zilipoenea vijijini, harusi za Kamachumu, kwaya za Muleba na ngoma za Bukoba, mkoani Kagera, zilitunzwa katika CD na DVD za kuchoma. Wanaoisimulia biashara ya kuzichoma huisimulia kama habari ya wizi: kijana mwenye kompyuta kuukuu ananakili kazi ya msanii na kuiuza kwa bei ya kutupa. Wizi ulikuwepo. Lakini masimulizi hayo yanaacha nje sehemu kubwa ya ukweli, kwa sababu CD ya kuchoma ilikuwa pia maktaba ya watu ambao hakuna kampuni iliyowahi kuwatolea albamu. Na uhai wa maktaba hiyo ulitegemea kitu ambacho karibu hakuna aliyekitazama, yaani programu dhibiti iliyolala ndani ya mashine ya kuchomea.

Kabla ya hapo, sauti za Kagera zilihifadhiwa na watu wachache, tena mara nyingi mbali na nyumbani. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita Bukoba mwaka 1950 akirekodi Wahaya wapigao enanga, ala ya nyuzi, na kazi yake leo iko katika hifadhi ya muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini. Mugyabuso Mulokozi, mwana wa Kagera, alizikusanya tenzi za enanga, zikiwemo za mashujaa Rukiza na Kachwenyanja, akazifanyia tasnifu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1980. Mwimbaji Saida Karoli alipoimba Kihaya na nchi nzima ikamsikiliza, kazi yake ilisambazwa kutoka Dar es Salaam. Mwanakwaya wa kawaida alibaki na kaseti. Kaseti ilikuwa chombo chenye huruma: mkanda mpya uliingia kwenye redio kaseti ya zamani ukarekodi, sauti ikapungua kidogo kwa kila nakala, basi. Mashine haikuhitaji kujua mkanda umetengenezwa na nani.

CD ya kuchoma haiko hivyo, na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Chini ya uso wake kuna tabaka la rangi ambalo leza hulibadilisha kwa joto. Viwanda vilitumia rangi tofauti, na kila rangi ilitaka nguvu yake ya leza na urefu wake wa mapigo, tena kwa kila kasi ya kuchoma. Ndani ya mfereji wa CD tupu kumeandikwa alama ya mtengenezaji. Mashine huisoma alama hiyo, kisha huitafuta katika jedwali lililomo kwenye programu dhibiti yake. Ikiipata, huchoma kwa vipimo vilivyojaribiwa kiwandani. Isipoipata, hutegemea tu kujipima kidogo karibu na katikati ya diski na vipimo vya jumla. DVD nazo, zenye alama ndogo zaidi na nafasi ya gigabaiti 4.7 badala ya megabaiti 700 za CD, hazikuvumilia makosa ya uchomaji kama CD. Kwa hiyo mashine iliyotengenezwa mwaka 2002 haikuweza kuwa na vipimo vya diski iliyobuniwa mwaka 2006, mpaka mwenyewe apate programu mpya kutoka kwa mtengenezaji na kuiandika ndani ya mashine. Asipofanya hivyo, diski inaweza kusomeka vizuri kwenye kompyuta iliyoichoma na kukataa kwenye deki ya mteja, au kusomeka leo na kukataa baada ya miaka michache.

Kuihuisha programu hiyo kulikuwa kazi ya dakika chache mahali penye umeme wa uhakika na intaneti. Bukoba haikuwa mahali hapo. Serikali ilikuwa imezuia uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na masharti yalipolegezwa miji ya mbali na bandari ilizipata zikiwa zimechelewa, mara nyingi zikiwa zimekwisha kutumika kwingine. Waya wa baharini wa intaneti ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, wakati enzi ya CD ilikuwa imeshaanza kufifia. Umeme wa Bukoba ulikuja kutoka Uganda kupitia Masaka na Kyaka, na ukikatika katikati ya kuandika programu mpya, mashine ingeweza kufa papo hapo. Fundi aliyeogopa kuigusa alikuwa na busara.

Wapo watakaosema kwamba dawa ilikuwa rahisi: punguza kasi. Kweli, kuchoma polepole kulisaidia diski nyingi, lakini kasi ndogo haiipi leza vipimo vya rangi isiyoijua, na baadhi ya diski za kasi kubwa huchomeka vibaya zaidi zikipunguziwa kasi mno. Wengine watasema diski hizo ziliharibiwa na joto, vumbi na unyevu wa Ziwa Viktoria. Hilo nalikubali, ila diski iliyochomwa kwa vipimo sahihi huanza na makosa machache, kwa hiyo ina akiba ya kuvumilia mvua za Bukoba. Pingamizi zito ni la haki za wasanii. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 iliyoanzisha chama cha hakimiliki, COSOTA, na stempu za kodi za mwaka 2013 kwenye kazi za muziki na filamu, vilikuja kwa sababu wasanii walikuwa wanaumia kweli. Siwatetei waliowaibia. Nasema tu kwamba video ya harusi, ibada ya kumsimika mchungaji au mazishi ya mzee wa Ihangiro haikuwa na stempu, wala haikuhitaji kuwa nayo, na ndiyo hasa inayopotea. Wimbo mashuhuri wa Saida Karoli ulipata uhai mpya msanii Diamond Platnumz alipouimba upya mwaka 2016. Kwaya ya kijijini haina wa kuirudia.

Leo watengenezaji wengi wameacha kutoa programu mpya za mashine hizo, na kompyuta mpya nyingi huja bila nafasi ya diski. Wenye CD za familia, makanisa na misikiti ya Bukoba na Muleba wasizitupe hata zikikataa kusoma. Wazijaribu kwenye mashine tofauti tofauti, kwa kasi ndogo, na kunakili kila kinachopatikana kwenye vifaa viwili au zaidi. Mafundi nao wasiuze mashine za zamani kama chuma chakavu, bali wazitunze pamoja na mafaili ya programu dhibiti zake za mwisho. Na Makumbusho ya Kagera pale Nyamukazi yangefanya jambo kubwa yakifungua mlango wa kupokea nakala hizo mwaka huu, kabla rangi iliyobaki haijafifia.